Mbaazi, Maziwa na Hukumu ya Haraka

Miongoni mwa maradhi yanayomtesa binadamu pasipo kumlaza kitandani, na ambayo kwa sababu hiyo hukosa hata heshima ya kuitwa maradhi, yamo haya ya tumbo kujaa baada ya chakula: mtu huinuka mkekani akiwa ameshiba kwa kiasi, wala hakufanya ulafi, na kabla mikono haijakauka maji ya kunawa huhisi nguo imembana kiunoni, tumbo limekaza na kuunguruma, pumzi zimekuwa fupi, na mbeuo unakuja bila ya kuitwa. Adabu zetu za pwani, ambazo ni njema katika mengi, zimeyafanya mazungumzo ya riahi kuwa ya faraghani. Mume humficha mkewe, mkwe humficha mamamkwe, na mgonjwa akifika mbele ya tabibu husema tu kwamba tumbo linamsumbua, akakomea hapo na kumwachia mwenzake kazi ya kukisia yaliyobaki. Walakini jambo lenyewe ni la watu wengi mno. Uchunguzi uliohoji watu zaidi ya 51,000 katika nchi 26, ukatangazwa mwaka 2023, ulikuta kwamba takriban watu 18 katika kila 100 hupatwa na hali hii walau mara moja kwa juma, na wanawake kwa wingi kuliko wanaume. Hivyo anayejiona yu peke yake katika mkutano wa watu hamsini ana wenziwe wanane wanaolegeza mishipi kwa siri.

Sikusudii katika makala haya kutaja dawa ya kuondoa gesi, kwa kuwa dawa za namna hiyo hazina uhaba, na wauzaji wake wana sauti kubwa kuliko yangu. Ninalolidai ni jambo jingine: kwamba aghalabu tunakaa na shida hii miaka mingi kwa sababu ya haraka yetu ya kumtaja mkosaji, na kwamba hukumu tunazozitoa juu ya vyakula, na juu ya vijidudu pia, ni hukumu ambazo kadhi yeyote mwenye kujiheshimu angeona haya kuzitia sahihi, maana zimetolewa kwa ushahidi wa kuonekana karibu na mahali pa tukio.

Simama jioni moja kando ya dirisha la duka la dawa katika mtaa wowote wa Tanga au Mombasa, usikilize. Mzee anakuja, kofia mkononi. "Shikamoo, mzee," asema kijana wa dukani. "Marahaba, mwanangu. Nina tumbo hili, likipata chakula tu linajaa." "Tangu lini, mzee wangu?" "Ah, siku nyingi." "Basi hiyo ni amiba. Nikupe za siku tano?" Mazungumzo yamekwisha, heshima imetimizwa pande zote mbili, pesa zimepita dirishani, na katika yote hayo hakuna aliyeuliza mzee amekula nini, saa ngapi, na tumbo lilijaa baada ya muda gani. Siku tatu baadaye mzee huona nafuu, na nafuu hiyo huandikwa katika kumbukumbu ya mtaa kuwa ni shahada ya amiba. Ilhali dawa ile, pamoja na kuua vijidudu vibaya, huwapunguza kwa muda hata bakteria wa kawaida wanaotengeneza gesi utumboni, na tumbo lenyewe lina tabia ya kupanda na kushuka hata lisipopewa kitu. Wiki chache zikipita, mzee hurudi dirishani pale pale.

Amiba, taifodi na vidonda vya tumbo: haya ndiyo majina matatu ambayo huku kwetu hugawanywa kwa wagonjwa wa tumbo, na ajabu ni kwamba yote matatu ni maradhi ya kweli, yenye kuua yakipuuzwa, ila mara nyingi hayamhusu mtu aliyepewa. Taifodi kwanza ni homa. Kipimo cha damu ambacho wengi wetu tumepimwa kwacho, kile cha Widal, kinabeba jina la Mfaransa Fernand Widal aliyekieleza mwaka 1896, nacho hutafuta kingamwili katika damu. Na katika nchi ambamo watu wengi wamekwisha kukutana na vijidudu vile au jamaa zao, kingamwili hizo huweza kuonekana kwa mtu ambaye hana taifodi asilani. Kumpima kwa Widal mtu asiye na homa, ambaye shida yake ni kujaa tumbo baada ya wali, ni kumtega mgonjwa na mpimaji kwa pamoja. Ama amiba, na mwenzake giadia ambaye kwa hakika huweza kulijaza tumbo na kuleta mbeuo wenye harufu mbaya, hao hutafutwa katika choo kwa darubini, wala si katika uso wa mzee dirishani.

Vidonda vya tumbo vina kisa kirefu zaidi, na ni kisa ninachokipenda. Kwa miaka mingi matabibu wa Ulaya na Marekani walishikilia kwamba vidonda huletwa na wasiwasi na asidi, hata alipotokea Robin Warren wa Perth, Australia, na mwenzake kijana Barry Marshall, wakasema kwamba ndani ya ngozi laini ya tumbo wameona bakteria aliyejipinda, ambaye leo aitwa Helicobacter pylori. Walipokosa kusadikiwa, Marshall mwaka 1984 alikunywa mchuzi wa bakteria hao yeye mwenyewe, akaugua, akajichunguza, akajitibu. Na mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini tazama Marshall alivyofanya: hakutosheka na kumwona bakteria mahali pa ugonjwa, bali alimwingiza mahali pasipo ugonjwa ili aone utatokea au hautatokea. Sisi tumeichukua habari ya bakteria tukaiacha njia iliyotumika kumthibitisha. Sasa kila mwenye tumbo lililojaa hupimwa H. pylori, na kwa kuwa bakteria huyu amekuwa akikadiriwa kukaa katika matumbo ya takriban nusu ya wanadamu, wengi wao bila ya kupata kidonda maishani, kipimo husema "yupo", na mgonjwa huenda zake na furushi la dawa na imani kwamba mkosaji amekamatwa. Dawa hizo zina mahali pake. Akionekana bakteria huyu, ni haki tabibu amtibu. Ila tumbo likiendelea kujaa baada ya hapo, kama linavyoendelea kwa wengi, mtu asimeze mara ya pili na ya tatu kwa kuwa hana jina jingine la kulitaja.

Kabla ya kumshitaki yeyote yafaa tujue riahi yenyewe hutoka wapi. Mtu mzima mwenye siha hutoa kwa siku kiasi cha nusu lita hadi lita moja na nusu ya hewa hiyo, mfalme na maskini sawasawa, na sehemu yake kubwa haina harufu. Harufu ni ya chembe chache tu zenye salfa. Sehemu moja ya hewa tumboni humezwa kutoka nje: hutokana na kula kwa pupa, kuzungumza huku tunatafuna, kunywa soda, kutafuna chingamu, kuvuta sigara. Mwezi wa Ramadhani huonyesha jambo hili wazi kuliko darasa lolote, maana mtu aliyekaa na tumbo tupu mchana kutwa hukalia futari na katika robo saa akamiminia tende, uji, viazi vya nazi, sambusa, tambi za sukari na soda ya baridi, kisha akasimama kwa tarawehe akijuta. Naye hulaumu tambi, wakati alichokosa ni nafasi tu baina ya tonge na tonge. Mafundisho ya kale ya kuligawa tumbo thuluthi tatu, moja ya chakula, moja ya maji na moja ya pumzi, twayajua sote, na twayasahau adhana inapolia.

Sehemu ya pili ya hewa hutengenezwa ndani. Chakula ambacho utumbo mwembamba umeshindwa kukisaga na kukinyonya hushuka hadi utumbo mpana, ambako wanakaa bakteria wasiohesabika, nao hukichachua wakatoa hidrojeni, hewa ya ukaa, na kwa baadhi ya watu methani. Safari ya kutoka kinywani hadi huko huchukua saa kadhaa. Neno hilo "saa kadhaa" ndilo lenye siri kubwa ya utafutaji wote huu, na karibu kila mtu hulipita bila ya kulitazama. Tumbo likijaa katika dakika za mwanzo baada ya kula, huenda ni hewa iliyomezwa, au mafuta yanayolichelewesha tumbo kumwaga, au wingi wa chakula. Likijaa baada ya saa tatu au nne, hapo ndipo vyakula vya kuchachuka vinapoingia katika orodha ya washukiwa. Tena kuna fumbo jingine: kila tunapokula, utumbo mpana huamshwa na kuanza kusukuma, hivyo mlo wa mchana huweza kuitikisa gesi iliyotengenezwa na mlo wa asubuhi, na mlo uliofika mwisho ukabeba lawama ya mlo uliotangulia.

Nimewahi kuonyeshwa daftari la mwalimu mmoja mstaafu ambaye kwa muda mrefu alikuwa amejinyima wali, chakula alichokipenda kuliko vyote, kwa kuamini kwamba wali ndio unaomjaza tumbo. Ukurasa wa Jumatano ulisema hivi, kwa mwandiko ule wa kizamani uliolala upande mmoja: saa moja asubuhi, mahamri matatu, mbaazi bakuli zima, chai ya maziwa vikombe viwili, saa nne, mwepesi, saa saba, wali na samaki wa kupaka, saa saba u nusu, tumbo limejaa, siwezi kufunga kifungo. Ukurasa wa Alhamisi: saa moja, muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, saa saba, wali na samaki yule yule wa jana, saa saba u nusu, hakuna neno. Aliziandika kurasa hizo yeye mwenyewe wala hakuona zilichokuwa zikimwambia, kwa kuwa alikuwa akisoma mstari mmoja tu, ule wa wali. Wali, katika nafaka tunazozila, ni miongoni mwa zile zinazonyonywa karibu zote juu, zikabakisha kidogo sana cha kuchachuka huko chini. Maskini wali wa watu!

Lakini hata tukiitazama asubuhi ya Jumatano hatujamaliza, maana juu ya meza ile walikuwapo washukiwa si mmoja. Mbaazi, kama kunde, maharage na choroko, zina sukari za aina ya rafinosi na stakiosi, ambazo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, hivyo hushuka zilivyo hadi kwa bakteria. Mpishi mwenye ujuzi hupunguza sehemu ya sukari hizo bila ya kujua kemia: hulaza mbaazi majini usiku kucha, asubuhi hukuta maji yamekuwa ya rangi ya chai hafifu na povu jeupe limekaa kandokando ya sufuria, akayamwaga, akaziosha, akazichemsha kwa maji mapya, na wengine huyamwaga hata ya mchemsho wa kwanza kabla ya kutia tui la pili na mwisho kabisa tui zito. Anayezipika kwa maji yale yale aliyozilaza, kwa kuogopa kupoteza ladha au kwa kuokoa mkaa, huirudisha mezani sehemu ile iliyokwisha kutoka. Mahamri nayo yana mambo mawili: unga wa ngano una fruktani, ambazo vilevile hazisagiki juu, na ambazo zimo pia katika kitunguu maji na kitunguu saumu vilivyoungiwa mbaazi, na mafuta ya kukaangia, yakijumlishwa na ya tui, hulichelewesha tumbo kumwaga na kuleta uzito ambao mtu huuita gesi ingawa hewa haipo. Na baada ya hayo yote ipo chai ya maziwa. Mtu akila yote haya akajaa, kisha akatangaza kwa nduguze kwamba mbaazi zinamkataa, amechagua mmoja katika wanne au watano kwa sababu tu jina lake limezoeleka midomoni.

Maziwa yanahitaji maneno yake peke yake, maana siku hizi ndiyo yanayoshutumiwa kuliko vyote, na wanaoyashutumu wamesoma. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya watu wazima wa dunia, takriban theluthi mbili, hupungukiwa baada ya utoto na kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa iitwayo laktosi, na kwamba sukari hiyo ikishuka bila ya kuvunjwa huchachuka na kulijaza tumbo. Ni kweli pia kwamba hapa Afrika Mashariki historia ya ng'ombe imeandikwa ndani ya damu zetu: Sarah Tishkoff na wenziwe walichunguza watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, na mwaka 2007 wakatangaza kwamba miongoni mwa wafugaji kuna badiliko la urithi linaloruhusu kunywa maziwa utu uzima, badiliko lililozuka huku huku, mbali na lile la Wazungu, katika muda wanaoukadiria kuwa miaka 2,700 hadi 6,800 iliyopita. Kwa hiyo Mmasai na Mswahili wa mjini waweza kukaa meza moja, wakanywa jagi moja, na mmoja akalala usingizi huku mwingine akizunguka uani.

Hata hivyo, kupungukiwa na kimeng'enya hakutoshi kuwa hukumu. Kikombe kizima cha maziwa kina takriban gramu 12 za laktosi, kiasi ambacho wengi wa waliopungukiwa hukistahimili, hasa wakinywa pamoja na chakula. Na chai yetu aghalabu haina hata nusu ya hayo. Mtindi huwa na nafuu zaidi kwa kuwa bakteria wa kugandisha wamekwisha kula sehemu ya sukari ile na huendelea kuivunja hata ndani ya tumbo. Na lipo jaribio la mwaka 1995 ambalo laiti lingebandikwa ukutani kwa kila mshauri wa lishe: watu 30 waliojitambua wenyewe kuwa maziwa huwadhuru vibaya walipewa kila siku kwa juma moja maziwa ya kawaida mililita 240, na kwa juma jingine maziwa ambayo laktosi yake imekwisha kuvunjwa, bila ya kuambiwa yapi ni yapi, na walipoyanywa pamoja na kifungua kinywa shida waliyoieleza ilikuwa ndogo na haikutofautiana baina ya majuma yale. Hawakuwa waongo. Walikuwa na matumbo yanayojaa kweli, na walikuwa wamemkamata asiye mwenyewe.

Basi njia ni ipi? Haina fahari, na ndiyo maana haitangazwi redioni. Mtu huandika kwa majuma mawili kila kinachoingia kinywani na saa yake, na kila tumbo linapojaa na saa yake, pamoja na hali ya choo, kwa kuwa choo kigumu cha siku tatu chatosha peke yake kulijaza tumbo la mtu aliyekula uji mtupu. Na mwanamke aandike na siku zake za mwezi, maana wengi hujaa tumbo siku chache kabla ya hedhi kisha wakaisingizia kabeji. Baada ya hapo huchagua mshukiwa mmoja, mmoja tu, akamwondoa mezani kwa majuma mawili. Tumbo likitulia, kazi haijaisha bali ndiyo kwanza imefika nusu: sharti chakula kile kirudishwe, siku ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu kiasi cha kawaida, na kila kingine kikiwa kama kilivyokuwa. Tumbo likijaa tena, mkosaji amepatikana. Lisipojaa, chakula kimetoka mahakamani kikiwa huru, na anayeendelea kukisusa anakidhulumu.

Hiyo hatua ya kurudisha ndiyo inayorukwa na karibu wote. Peter Gibson na Sue Shepherd wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, ambao tangu mwaka 2005 walianza kueneza utaratibu wa kupunguza kwa pamoja sukari zote zinazochachuka upesi, zile za ngano, vitunguu, kunde, maziwa, asali na matunda kama embe na tikiti, waliuweka utaratibu huo uwe wa majuma machache, na mafunzo ya Monash yanasisitiza kwamba vyakula virudishwe kimoja kimoja ili kila mtu ajue kipi kinamdhuru na kwa kiasi gani. Uliposafiri hadi kwetu, kupitia wauza lishe wa mitandaoni, umebaki nusu ya kwanza. Huonekana watu waliokwisha kuacha ngano, kisha maharage, kisha maziwa, kisha vitunguu, kisha matunda, nao wamekonda, wanakula kwa hofu, na matumbo yangali yakijaa. Mimi naona hili kuwa hasara kubwa kuliko gesi yenyewe, hasa kwa kunde na maharage, ambazo ndizo nyama ya mtu asiye na nyama, na ambazo mabaki yake ndiyo chakula cha bakteria wema wa utumbo. Mwalimu wangu wa wali, alipokwisha kuzitambua mbaazi, hakuziacha: aliagiza zimwagiwe maji mara mbili, akapunguza bakuli likawa nusu, akala taratibu, na kifungo chake kikafungika hata saa saba.

Kuhusu tangawizi, iliki, bizari nyembamba na vinginevyo ambavyo bibi zetu walivichemsha, sina ugomvi navyo. Tangawizi imeonekana katika majaribio kulihimiza tumbo kumwaga chakula, na anayepata raha kwayo na anywe. Ila raha haijibu swali la sababu. Na wale wanaouza chupa za "kusafisha tumbo" nawaachia Mola wao.

Kuna jambo moja lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza, nalo lawaondolea lawama wapishi wengi. Huko Barcelona, Fernando Azpiroz, Juan-Ramón Malagelada na wenzao waliwapiga picha za ndani watu ambao matumbo yao huvimba hadi kuonekana kwa macho, wakapima hewa iliyomo, na wakakuta kwamba kwa wengi wao hewa haikuongezeka kwa kiasi cha kueleza uvimbe ule. Kilichobadilika ni mwili: kile kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, ambacho kwa kawaida baada ya kula hupanda juu kupisha chakula, kwa watu hawa kilishuka chini, na misuli ya mbele ya tumbo ikalegea badala ya kukaza, hivyo kila kilichomo kikasukumwa mbele. Mtu wa namna hii angeweza kususa vyakula vyote vya sokoni na bado akavimba. Dawa yake imekuwa ni kufundishwa upya namna ya kupumua na kuitumia misuli hiyo. Jirani na hao wapo wale ambao utumbo wao ni mwepesi wa hisia, wenye hewa ya kawaida kabisa lakini wanaihisi kama mzigo. Hawajifanyi, wala ugonjwa wao si wa kichwani, na aibu iwe kwa tabibu anayewacheka.

Zipo pia sababu zilizo kabatini na si jikoni. Metformin, dawa ya kisukari inayomezwa na watu wengi sana mijini na vijijini, huleta gesi na kuendesha, hasa siku za mwanzo. Vidonge vya madini ya chuma hufunga choo. Anayezitumia asiache kwa amri yake mwenyewe, bali amwambie aliyemwandikia, kwa kuwa mara nyingi kupunguza kiasi, kubadili namna ya kidonge au kumeza pamoja na chakula kwatosha.

Hadi hapa nimeinena haraka ya kuita kila gesi ugonjwa. Iko haraka ya pili, na hiyo ndiyo inayoniogopesha, nayo ni ya kuuita kila ugonjwa gesi. Tumbo linalojaa na huku mtu anakonda bila ya kukusudia, au anaona damu chooni au choo cheusi kama lami, au anatapika mara kwa mara, au chakula kinakwama kooni, au macho yamekuwa ya manjano, au homa na jasho la usiku havimwachi, hilo si tumbo la daftari; ni tumbo la hospitali, na leo kuliko kesho. Kando ya Ziwa Victoria, tumbo linalokua polepole huku miguu na mikono ikisinyaa huenda limejaa maji, wala si hewa, kwa kichocho cha miaka kilicholifanya ini kuwa gumu. Na homa ya ini ya aina ya B hufanya vivyo hivyo popote pale.

Na kwa wanawake, hasa waliokaribia au kupita umri wa miaka 50, kuna saratani ya mifuko ya mayai, ambayo dalili zake za mwanzo ni hizi hizi ambazo mtaani hupewa soda ya magadi: tumbo kujaa na kubaki limejaa, kushiba kwa tonge chache, maumivu chini ya kitovu, kwenda haja ndogo kila mara. Mwongozo wa tiba wa Uingereza wa mwaka 2011 uliwaagiza matabibu kwamba mwanamke akieleza dalili hizo kwa zaidi ya mara 12 katika mwezi, apimwe damu kipimo kiitwacho CA125, na kikiwa juu, apigwe picha ya mawimbi ya sauti ya tumbo na nyonga. Picha hiyo kwetu hupatikana katika hospitali nyingi za wilaya, na haihitaji mtu kulazwa. Mama ambaye tumbo lake lilikuwa likijaa na kupungua miaka yote, na sasa kwa majuma kadhaa linajaa wala halipungui, asikubali kurudishwa nyumbani na vidonge vya amiba. Na akiambiwa kwa upole wote kwamba ni gesi tu, bibi, aketi pale pale kwenye benchi aombe picha.